Kubadili jina kihalali ukiwa Tanga: aliyebadili jinsia aanzie ofisi gani?

Mkwaju wa Makorora

Wakuu, habari za jioni. Naomba mwongozo kwa wanaojua mambo ya hati. Mahubiri tunayo ya kutosha huku mtaani.

Mhusika ana miaka 27, mkazi wa Tanga mjini. Ameshabadili jinsia, anaishi kama mwanamke, na anataka jina la kwanza libadilike kihalali kutoka la kiume kwenda la kike. Mkononi ana cheti cha kuzaliwa cha RITA, cheti cha kidato cha nne, kadi ya NIDA, TIN, leseni ya udereva, laini mbili za simu zenye pesa, akaunti moja ya benki na uanachama wa NSSF. Pasi ya kusafiria hana ila anaitaka. Kila palipo na kisanduku cha jinsia pameandikwa ME.

Aanzie wapi? Kiapo cha wakili kinatosha? Hiyo ME inageuka kuwa KE au ndiyo imekaa? Na cheti cha shule kinafanywaje?

Wino Mkavu

Mkwaju, kabla hajatoa hata shilingi mia, mwambie atenganishe mambo mawili. Jina ni la mwenyewe. Mtu mzima analibadili kwa hati na hakuna anayemdai sababu. Jinsia kwenye kumbukumbu za Serikali ni suala jingine. Tanzania haina sheria inayomwezesha mtu kuibadili kwa sababu amebadili jinsia. Kwa hiyo kazi iliyopo ni kupata jina jipya linalokubalika kila ofisi, huku ME ikibaki pale ilipo. Atakayemwambia KE inapatikana kwa laki tatu anamuuzia kesi.

Kiapo peke yake hakitoshi, na hapa ndipo wengi wanapoteza mwezi mzima. Kiapo cha majina kinasema hivi: mtu anayeitwa A kwenye cheti hiki na B kwenye cheti kile ni mmoja. Hakibadilishi kitu, kinaunganisha tu. Kinachobadilisha ni hati ya kubadili jina, ile mawakili wanaiita didipoli, ambamo mtu anatamka kwamba ameliacha jina la zamani na kuanzia siku hiyo atatumia jipya kwa shughuli zote. Hati hiyo lazima isajiliwe kwa Msajili wa Hati, chini ya Wizara ya Ardhi, kwa Sheria ya Usajili wa Nyaraka, Sura ya 117. Bila namba ya usajili na mhuri wa msajili, ni karatasi nzuri ya wakili tu. Watu wa Tanga zamani walikuwa wakielekezwa Moshi kwa mambo ya msajili. Tangu ofisi za ardhi za mikoa zilipofunguliwa 2020, aanzie ofisi ya ardhi ya mkoa hapo hapo mjini.

Ndani ya hati muhimu ni haya. Jina la zamani liandikwe herufi kwa herufi kama lilivyo kwenye vyeti, na vyeti vikitofautiana, tofauti zote zitajwe. Hili ndilo donda la Kiswahili: cheti cha kuzaliwa "Salum", kidato cha nne "Salim", NIDA "Salimu". Ofisa akiona hati inataja "Salimu" tu, cheti chenye "Salim" kinabaki yatima. Hati iseme "Salimu Hamisi Kombo, ambaye pia ameandikwa Salim H. Kombo na Salum Hamisi Kombo". Kisha jina jipya, uraia, makazi, sanduku la posta, na maneno ya kuacha la zamani. Penye saini yatajwe majina yote mawili, jipya kwanza halafu "aliyejulikana zamani kama". Picha ibandikwe na mhuri uipande nusu.

Angalia sana sehemu ya shahidi. Wakili au kamishna wa viapo lazima aandike jina lake, mahali na tarehe, na aseme kama anamfahamu mtu huyo yeye mwenyewe au ametambulishwa na fulani. Nafasi ya "namfahamu / nimetambulishiwa" ikiachwa bila kufutwa upande mmoja, hati ina kilema. Na kama kuna kiapo kinachoambatana nayo, Mkristo anaapa, Muislamu anathibitisha. Fomu nyingi zilizopigwa chapa zamani zina "naapa" tu na watu wa Ngamiani wanasaini bila kusoma.

Jingine: wakili awe na leseni hai ya mwaka huo. Jina lake linatafutwa bure kwenye mfumo wa Mahakama wa e-Wakili, dakika mbili kwa simu. Mhuri wa mtu ambaye leseni yake imekwisha unaiua hati yote.

Asiandike sababu. Hati iliyosajiliwa ni kumbukumbu ambayo mtu mwingine anaweza kuomba kuipekua. "Kwa hiari yangu" yatosha. Wakili akitaka kuweka aya ya historia ya matibabu, aikatae.

Atengeneze asilia tatu. Moja itabaki kwa msajili, moja ikae nyumbani haitoki, ya tatu ndiyo ya kuzungukia ofisi. Nakala za kuacha kaunta ziwe zile zilizothibitishwa na wakili.

Bibi wa Raskazone

Wino kasema, ila mwanangu Mkwaju nikuongezee kuhusu jina lenyewe, maana watu wanachagua jina kwa moyo halafu karatasi zinawalilia.

Abadili jina la kwanza peke yake. La baba na la babu yasiguswe. Sisi majina yetu ni ngazi: la kwako, la baba, la babu. NIDA ina majina ya wazazi, cheti cha kuzaliwa kina baba, mirathi itatafuta baba. Akibadili yote matatu, hakuna uzi unaomshika tena, na kila kaunta itauliza wewe ni nani. Akibakiza mawili, anayesoma anaona mtoto wa Hamisi yule yule.

Herufi ya kwanza ikibaki ile ile ni nafuu kubwa. Salimu kuwa Salma, Jamali kuwa Jamila, Amini kuwa Amina. Kila palipoandikwa "S. H. Kombo" pamebaki sahihi bila kugusa: risiti za kiwanja, barua za kazi, hata saini ya benki kama anasaini kwa herufi.

Afikirie pia majina yanayobeba pande zote: Bahati, Nuru, Amani, Imani, Tumaini, Zawadi. Sisemi ajifiche. Nasema kwa kuwa ME itabaki, "Nuru Hamisi Kombo, ME" linapita mlangoni bila mtu kuinua nyusi, na "Salma Hamisi Kombo, ME" litaulizwa kila siku ya Mungu. Uamuzi ni wake, lakini aujue kabla ya kupiga mhuri, maana kurudia ni gharama mara mbili.

Na "bin" na "binti" mwiangalie! Karatasi zetu za pwani, hasa za viwanja vya wazee na vyeti vya ndoa, zimeandikwa "Salimu bin Hamisi". Hiyo bin ni jinsia iliyojificha katikati ya jina. Kwenye hati ya kubadili jina itajwe kwenye upande wa zamani ("ambaye pia ameandikwa Salimu bin Hamisi"), na kwenye jina jipya isiwepo bin wala binti. Akiweka "binti" ataonekana anadai jinsia kwa njia ya jina, na ofisa mwenye kisirani atasimama hapo hapo.

Fundi wa Mfumo

Nashuka kwenye mpangilio wa ofisi, maana siku hizi kila kitu kinasoma NIDA. Ukianza benki au kampuni ya simu kabla ya NIDA, kidole kinarudisha jina la zamani na umepoteza nauli.

Kwanza hati iliyosajiliwa. Pili NIDA, ofisi ya wilaya. Aende na asilia ya hati, cheti cha kuzaliwa, kadi ya zamani na barua ya utambulisho ya mtendaji. Atajaza fomu ya kubadili taarifa na kupewa kontroo namba. Kadi mpya ni shilingi 20,000. Aulize siku ile ya kwanza kabisa kama wanataka hati iwe imetangazwa gazetini, asije akaambiwa wiki ya tatu. Namba ya NIDA yenyewe haibadiliki: tarakimu 20 zile zile, nane za mwanzo zikiwa tarehe ya kuzaliwa. Hilo ni la kumshukuru Mungu, kwa sababu namba ndiyo inayothibitisha ni mtu mmoja. Aombe na picha mpya ipigwe siku hiyo. Sura ikiwa imebadilika kwa dawa na kadi ina picha ya miaka minane nyuma, kidole kitakubali lakini jicho la karani litakataa.

Asiamini kadi, aamini mfumo. Jina linaweza kubadilika kwenye mfumo kabla kadi haijachapwa, na kinyume chake pia. Namna rahisi ya kuhakikisha ni kwenda duka la kampuni ya simu, kuweka kidole na kuona jina gani linatokea.

Tatu, laini za simu. Kabla ya yote apige *106# aone laini zote zilizosajiliwa kwa namba yake ya NIDA, na asizozijua azifute. Kisha kila kampuni, dukani kwao, kwa kidole. Wakala wa mwavuli hawezi kazi hii. Hapa kuna hatari ya siku chache: pesa za simu na benki zilizounganishwa zinalinganisha majina, na jina la upande mmoja likiwa jipya na la pili la zamani, kuhamisha kunaweza kugoma. Asifanye wiki ya mshahara wala asiache akiba kubwa kwenye simu. Kama ana mkopo wa simu, aumalize kwanza.

Nne, benki. Fomu yao ya kubadili taarifa, hati, NIDA mpya, saini mpya. Kadi ya zamani akatiwe papo hapo. Aulize maagizo ya kudumu na akaunti iliyosajiliwa kwa mwajiri. Mshahara ukija kwa jina la zamani kuna benki zinaurudisha.

Tano, TRA kwa ajili ya TIN, halafu leseni. Usigeuze, kwa sababu leseni inachukua jina kwenye TIN. Kama ana pikipiki au gari, kadi ya chombo ifuate palepale. Bima ya chombo pia isiachwe: ajali ikitokea na jina la bima si la leseni, fidia ina mahali pa kukwama.

NSSF na bima ya afya hazina ugumu, mwajiri anapeleka barua na nakala ya hati. Kadi ya mpiga kura ingoje Tume itakapoboresha daftari.

Pasi iwe ya mwisho. Maombi ya Uhamiaji yanaanza na namba ya NIDA mtandaoni, shilingi 20,000 za fomu na 130,000 za pasi yenyewe. Aambatishe hati pamoja na cheti cha kuzaliwa, la sivyo vyeti viwili vitapingana mezani. Pasi itaandikwa jina jipya na jinsia ileile ya zamani. Viwango vya kimataifa vya pasi vinaruhusu M, F na X, lakini hiyo ni ruhusa kwa nchi itakayotaka. Kwetu X haitolewi.

Tanga ni waja leo waondoka leo, ila kwenye makaratasi haya aweke miezi, asiweke siku.

Chumbageni Kwetu

Mbona mnazunguka? Aende RITA aseme mkunga alikosea, aliandika ME badala ya KE. Au asajiliwe upya kama hajawahi kusajiliwa, apate cheti kipya safi. Kuna vijana pale nje wanafanya.

Wino Mkavu

Chumbageni, hao vijana wa nje tunawaita vishoka na kazi yao inaishia kwa mteja kulala rumande, wao wakibadili kona.

Kusajiliwa upya ni kuwa na kumbukumbu mbili za kuzaliwa. Cheti cha pili kitapita macho ya mtu lakini hakitapita uhakiki wa RITA, na chuo, mwajiri au Uhamiaji wakiomba uhakiki, namba ya ingizo inajitangaza yenyewe. Tena alama za vidole ziko NIDA tayari kwa jina la kwanza. Kutoa taarifa ya uongo kwenye usajili wa utambulisho ni kosa chini ya Sheria ya Usajili na Utambuzi wa Watu, Sura ya 36, na Kanuni ya Adhabu ina kifungu chake cha kujifanya mtu mwingine. Kwa mtu ambaye tayari anatazamwa vibaya, hiyo ni kumpa polisi kamba ya kumfungia.

Kusahihisha kosa la kuandika ni jambo halali, lakini kwa kosa lililotokea kweli. Mfano tangazo la kizazi la hospitali linasema KE na karani akanakili ME. Au huntha, mtoto aliyezaliwa na maumbile yasiyoeleweka, akaandikwa upande mmoja kwa kubahatisha na baadaye madaktari wakabaini vingine. Huyo ana hoja ya kupeleka: tangazo la kizazi kama lipo, ripoti ya daktari bingwa, na kiapo cha mzazi. Anayebadili jinsia hana kosa la karani la kusahihisha, na akilitunga, kiapo chake ndicho kitakachokuwa ushahidi dhidi yake.

Kwa sababu hiyo hiyo, kwenye fomu yoyote ya Serikali kisanduku cha jinsia kijazwe kama NIDA inavyosema. Inauma, najua. Lakini fomu moja ya KE katikati ya kumbukumbu za ME ndiyo inayoamsha uchunguzi. Jina halina tatizo hilo kwa sababu lina hati nyuma yake.

Msimamizi

Majibu manne ya matusi yamefutwa. Mada ni hati. Asiye na la hati apite kimya.

Mtahini Mstaafu

Kuhusu cheti cha kidato cha nne. Cheti cha NECTA kinabaki na jina ambalo mtahiniwa alifanyia mtihani. Asipoteze muda kuandika barua za kuomba kingine, wala asikwangue, wala asikipake plastiki huku hati imebanwa ndani kama nilivyoona wengine wakifanya.

Anachofanya ni kuviweka pamoja siku zote: cheti, hati iliyosajiliwa, na namba ya mtihani. Namba hiyo, yenye S, tarakimu nne za kituo, mkwaju (/), tarakimu nne za mtahiniwa na mwaka, haina jina wala jinsia ndani yake na haibadiliki milele. Kwenye maombi ya kazi ajaze jina jipya, aandike namba ya mtihani sawasawa, na kwenye viambatisho hati itangulie cheti. Hati ikija nyuma, msomaji anakutana na jina la mtu mwingine kwanza na faili limeshawekwa kando. Wanaoomba kupitia Sekretarieti ya Ajira wasikose hili, majina yakitofautiana bila hati unatolewa kwenye mchujo bila kuitwa.

Watu wanauliza mbona Kenya inawezekana. Ni kweli, 7 Oktoba 2014 Mahakama Kuu ya Nairobi, Jaji Weldon Korir, iliamuru Baraza la Mitihani la Kenya limpe Audrey Mbugua cheti chenye jina lake jipya na kisicho na alama ya jinsia. Soma sababu kabla ya kushangilia. Jaji alitazama kanuni za baraza lile, akaona hazilazimishi alama ya jinsia kuwepo kwenye cheti, na kwamba kuiondoa hakupunguzi thamani ya matokeo. Ni hukumu ya jirani. Wakili anaweza kuitaja hapa kama hoja, lakini haimfungi hakimu wa Tanga. Afrika Kusini nako wana sheria kabisa, namba 49 ya 2003, ya kubadili jinsia kwenye kumbukumbu. Nayo inaishia kwao.

Bibi wa Raskazone

Kuna ngazi mmeiruka kama haipo, ya mtaani. Barua ya mtendaji haiandikwi mpaka mjumbe aseme anamfahamu, na mjumbe anamfahamu tangu anacheza gololi.

Asiende kwa mjumbe na hadithi, aende na hati iliyokwisha kusajiliwa. Mbele ya mhuri wa Serikali mjumbe hana la kujadili. Kazi yake ni kusema mtu huyu anakaa nyumba namba fulani. Barua iseme mambo matatu: mkazi wa mtaa huu, alijulikana kwa jina hili, sasa anatumia jina hili kwa mujibu wa hati namba fulani ya tarehe fulani. Aandae maneno hayo kwenye karatasi, mtendaji anakili. Ukimwachia atunge mwenyewe ataandika "anayejiita", na neno hilo kwenye barua ni sumu. "Anayejiita" ni la mtuhumiwa.

Aende asubuhi katikati ya wiki. Na afuatane na mtu mzima wa familia, shangazi au mjomba anayeheshimika, aliyekubaliana naye mapema nini cha kusema na nini cha kunyamazia.

Mkwaju wa Makorora

Shikamoo bibi, na ahsanteni wote. Nimechapa hizi kurasa. Mawili ya mwisho: karani akianza kuuliza mambo ya mwili, mhusika ana haki ya kukataa kujibu? Na cheti cha kuzaliwa kinabaki na jina la zamani maisha yote?

Wino Mkavu

La cheti: ndiyo, kinabaki, na hakina ubaya. Cheti cha kuzaliwa kinaeleza kilichoandikwa alipozaliwa. Hati inaeleza kilichotokea baadaye. Vikae bahasha moja. Kama ana kiwanja chenye hati miliki, hiyo isiachwe na jina la zamani, apeleke hati ya kubadili jina kwa msajili iingizwe kwenye daftari la ardhi, la sivyo siku ya kuuza mnunuzi atakimbia.

La karani: taarifa za afya ni taarifa nyeti kwenye Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, na kubadili jina hakuhitaji hata moja ya hizo. Ila kaunta si mahali pa kunukuu sheria. Jibu ni moja, kwa sauti ya chini: "Nimekuja kwa jina, jinsia sijaomba ibadilishwe." Wengi hapo wanaendelea kugonga mhuri, kwa kuwa ombi liko ndani ya kazi yao. Asiyeendelea, mhusika aombe fomu irudishwe na sababu ya kukataliwa iandikwe juu yake, kwa kalamu, na jina la aliyeiandika.

Fundi wa Mfumo

Na atoke na nambari ya jalada. Bila nambari ya jalada, kesho atakuta hakuna aliyewahi kumwona.